Muziki wa sinthesaiza nao una mkono wa mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja iliyotolewa katika safu ya burudani, kwamba muziki wa filamu unaopigwa kwa vyombo vya elektroniki ni kazi ya mashine na anayeupiga hastahili kuitwa mtunzi. Sikubaliani nayo hata kidogo, na shahidi wangu ni Vangelis, mtunzi wa muziki wa filamu, Mgiriki aliyefariki dunia mwezi Mei 2022.

Vangelis alipata jina kwanza kama mpiga kinanda wa Aphrodite's Child, bendi ya roki ya progresivu. Baadaye, katika studio yake ya Nemo jijini London, alikuwa akitazama picha za filamu zikipita huku akipiga muziki papo hapo, bila noti zilizoandikwa.

Chombo alichokipenda sana, Yamaha CS-80, ni sinthesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme, nacho hupokea uzito wa kila kidole peke yake, kiasi kwamba sauti moja huweza kuvimba na kutetemeka huku nyingine zilizopigwa pamoja nayo zikibaki tulivu. Na juu ya vitufe upo utepe ambao mpigaji akiupitishia kidole, sauti huteleza kupanda au kushuka. Anayetilia shaka maneno haya asikilize mwanzo wa Blade Runner, filamu ya mwaka 1982 ambayo Vangelis aliitungia muziki, ambamo sauti mithili ya tarumbeta inachelewa kufika juu, inatetemeka, kisha inalegea. Kulegea kule kuliamuliwa na mtu.

Filamu ya Chariots of Fire nayo inahusu wakimbiaji wa Uingereza katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924, na ilitazamiwa ipewe okestra ya zama zile. Vangelis alileta sinthesaiza na piano, na kwa ujasiri huo, ambao mimi nauona mkubwa kuliko tuzo yenyewe, akapewa Oscar mwezi Machi 1982.

Wapo kweli wanaochukua midundo iliyokwisha kutengenezwa na wengine, wakaibandika kwenye filamu na kuandika majina yao. Hao ndio mwandishi wako angewakemea, nami ningemuunga mkono. Ninaloomba ni kwamba gazeti linapochambua filamu, limtaje mtunzi wa muziki pamoja na mwongozaji na waigizaji, na lieleze alichokifanya, awe amepiga zeze, fidla au sinthesaiza.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Tanga