Bresi ya Mama si ya Ukoo Mzima

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu Nyemo,

Mbukwenyi nyote hapo Nkuhungu. Shikamoo ya Mama mfikishie kabla hujaanza kusoma haya mengine, na Mjomba Ndahani naye mpe yake, ingawa leo nina neno naye.

Picha za kipaimara nimeziona. Keki nzuri, suti nzuri, lakini jicho langu lilitua kwenye goti la Mjomba. Ile bresi ya kijivu, kifaa cha kushikilia goti, aliyoifunga juu ya suruali ni ya Mama. Halafu meseji iliyofuata unaniomba laki tatu na nusu ununue "nyingine kama ile" kwa ajili ya Yona, na hapohapo unaniambia Mama analalamika kuwa ya kwake haimsaidii. Itamsaidiaje wakati inazunguka ukoo mzima? Hii barua isome kwa sauti, wote wakiwepo, na Mjomba asiondoke katikati.

Bresi ya Mama ilitengenezwa kwa goti moja tu, la kushoto, ambalo gegedu lake, ule utando laini unaokinga ncha za mifupa, limelika upande wa ndani. Ndiyo maana mguu wake umeanza kupinda kama wa mwenye matege. Bresi hiyo inasukuma sehemu tatu: mkanda wa goti unasukuma kutoka nje kuja ndani, huku paja na muundi vikizuiwa kutoka upande wa ndani. Upande uliolika unapata nafasi kidogo, na uzito unahamia upande wa nje ambao bado mzima. Sasa ukiifunga mguu wa kulia kama Mjomba, kilichokuwa kinasukuma kutoka nje kinasukuma kutoka ndani. Hata kama Mjomba angekuwa na ugonjwa uleule wa Mama, angekuwa anakandamiza palepale panapouma. Na kama gegedu la mtu limelika pande zote mbili, au maumivu yako nyuma ya pia ya goti, bresi ya namna hii haimfai kitu.

Mama, sasa naongea na wewe. Usipake mafuta mguuni asubuhi unapotaka kuivaa. Najua miguu inapauka kwa upepo wa huko, lakini mafuta ndiyo yanaifanya iteremke hadi kwenye shavu la mguu. Paja ni pana juu na jembamba chini, kwa hiyo bresi yoyote hutafuta njia ya kushuka. Ikikuta mafuta au kitenge katikati, haina cha kushika. Vaa kwenye ngozi kavu, au juu ya soksi nyembamba ya pamba inayopita goti. Paka mafuta usiku ukishaivua.

Kaa ukingoni mwa kiti, goti likunjwe nusu. Kitovu cha bawaba kikae usawa wa katikati ya pia ya goti, kirudi nyuma kidogo. Kufunga kunaanzia kwenye mkanda ulio chini kidogo ya goti, juu ya uvimbe wa shavu la mguu, kwa sababu huo ndio unaoibeba bresi nzima. Kisha wa chini kabisa, kisha ya paja, na ule wa goti unaosukuma unafungwa mwisho. Simama, tembea hatua chache, kisha kaza tena. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kulazimisha. Siku za mwanzo saa moja au mbili zinatosha, unaongeza taratibu kwa wiki moja au mbili. Ivae unapotembea na kusimama, usilale nayo. Ule ufunguo mdogo uliopinda, wa pembe sita, mwambie Nyemo aufiche. Unabadilisha nguvu ya kusukuma, na mtu akiuzungusha kwa kubahatisha ngozi itachubuka kabla goti halijapata nafuu.

Kuna jambo utanuna nalo, lakini nalisema: kila kilo moja unayopunguza mwilini inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Bresi haiwezi kukupa hicho. Na fimbo ya marehemu Babu unaishika mkono usio sahihi. Goti bovu ni la kushoto, fimbo ishikwe mkono wa kulia, itangulie pamoja na mguu wa kushoto. Urefu wake uishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama mkono umening'inia. Ile ni ndefu mno, Nyemo aikate.

Mjomba, shikamoo tena. Goti linaloamka limevimba, limewaka moto, hata shuka likiligusa linauma, kisha baada ya wiki linapoa lenyewe, hizo ni dalili za gauti. Bresi haitibu gauti. Kulibana goti la namna hiyo ni kujitesa bure. Linahitaji daktari na dawa, na zile sherehe za nyama na pombe zipungue. Ila likiwaka hivyo na homa ikapanda, usingoje hata kesho yake, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usaha ndani ya goti unaweza kuliharibu kwa siku chache, na kwa macho tu hakuna anayeweza kuutofautisha na gauti. Bresi ya Mama irudishwe leo.

Nikirudi kwa Yona. Nyemo, umeniandikia kwamba aligeuka na mpira bila kuguswa na mtu, goti likalia "ta", na kabla ya jioni lilikuwa limejaa. Uvimbe unaokuja haraka hivyo mara nyingi ni damu ndani ya goti, na hadithi ya namna hiyo kwa mchezaji huwa ni kano ya msalaba ya mbele, ile mnayoiita ACL. Sijalishika goti lake, kwa hiyo sisemi kwa uhakika. Ninachokijua ni kwamba ile soksi nyeusi anayochezea haishiki kano yoyote. Inatia joto, inabana uvimbe kidogo, inamkumbusha kuwa ana goti, basi. Kwa mzee mwenye goti linalokakamaa asubuhi inaweza kutosha kabisa. Kwa goti linalomtoka mtu akikata kona, inampa moyo asiopaswa kuwa nao.

Hata hiyo ya laki tatu na nusu yenye vyuma pande mbili usiinunue kwanza. Bresi yenye fremu ngumu inasaidia goti lisiyumbe, lakini haiungi kano iliyokatika. Aende Hospitali ya Benjamin Mkapa aonwe na daktari wa mifupa, goti livutwe na kupimwa kwa mikono. Aulizwe pia kama linakwama. Goti lisilonyooka hadi mwisho, kama lina kitu katikati, huenda ni meniskasi, ile pedi ya gegedu iliyo kati ya mifupa ya goti, iliyochanika ikajikunja ndani, na hapo bresi ya kulinyoosha kwa nguvu ni hatari. Wakimfanyia upasuaji, daktari ndiye atakayesema kama anahitaji ile ndefu ya kutoka paja hadi muundi yenye saa za kupangia nyuzi za kukunja goti, na nyuzi ngapi. Hiyo ya dukani haitafaa, na hela itakuwa imeshakwenda.

Kama ingekuwa kano ya upande wa ndani, mtu amegongwa kutoka nje, hapo yenye bawaba pande mbili ingekuwa sahihi. Kano hizo nyingi hupona bila kisu kwa wiki nne hadi sita. Hiyo bresi ipo na ina kazi yake, siipingi.

Tabitha, ambaye pia yake ya goti huteleza kuelekea nje, anahitaji soksi yenye tundu mbele na pedi ya umbo la mwezi mchanga. Pedi ikae upande wa nje. Huwa nakuta watu wameigeuza. Na yule kijana wa Shangazi wa Kongwa, anayeumwa pale kwenye kinundu chini ya goti tangu aanze kurefuka, mkanda mwembamba chini ya pia ya goti unatosha wakati wa michezo, na apunguze kuruka kwa muda. Msimpeleke kwa mtu wa kukandakanda.

Mnasema huku nimejisahau. Basi mjue kwamba goti lililopinda vibaya likiingia karakana hii ya kutengeneza bresi ninakofanya kazi, wananiita mimi, niliyesoma TATCOT, chuo cha mafundi wa bresi na viungo bandia pale hospitali ya KCMC Moshi, na wanasimama nyuma yangu kuangalia ninavyopima. Nasema hivyo kwa sababu vipimo ulivyonitumia mara ya mwisho, Nyemo, "saizi ya kati", si vipimo. M ya kampuni moja ni L ya nyingine.

Chukua futi ya fundi cherehani. Mhusika akae mguu umelegea, ngozi wazi. Weka alama ya kalamu katikati ya pia ya goti. Toka hapo panda sentimita 15, weka alama. Shuka sentimita 15, weka alama. Zungusha futi kwenye alama zote tatu, iguse ngozi bila kuzama. Pima mara mbili. Zikitofautiana pima ya tatu. Usipime goti likiwa limevimba. Andika namba tatu kwa sentimita, na mguu gani. Nisipoona neno "kulia" au "kushoto" sitatuma kitu.

Joto la Oktoba linakuja, na hiyo raba ya bresi haipumui. Mama aivue mchana, afute jasho, ngozi ipate hewa. Alama nyekundu zikikaa zaidi ya nusu saa, imebana mno au imekaa vibaya. Vidole vikifa ganzi au mguu ukishindwa kuinuka mbele, ivuliwe hapohapo: kuna mshipa wa fahamu unaopita pembeni chini ya goti, na mkanda unaweza kuubana. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, hospitali, inaweza kuwa damu imeganda. Kifua kikibana pamoja na hilo, msisubiri hata dakika.

Kuifua: toa vyuma, funga velkro zote, tumia maji ya baridi na sabuni ya kawaida, ianikwe kivulini. Nilimwona nani vile kwenye video ameianika juu ya bati? Jua la Dodoma litaila. Velkro ikijaa nyuzi za kanga, zichokonoe kwa mswaki wa zamani. Bawaba zifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu. Msitie grisi wala mafuta ya kupikia, yatanasa vumbi lote la Nkuhungu.

Zabibu za msimu huu zimetoka? Huku zinauzwa kwenye vikasha vya plastiki, kubwa, zinang'aa, tamu ya maji. Ningepata shada moja tu la Hombolo, lile lenye vumbi bado, nisingelalamika tena kuhusu chochote. Na mlenda. Nimejaribu kuupika kwa bamia za dukani, hata sitaki kuuzungumzia.

Kuhusu hela: ya Yona nitatuma, lakini ni ya kumwona daktari na kupiga picha za goti hospitalini, si ya bresi. Itaingia kwenye simu ya Mama, si kwenye yako, kwa sababu ya ile ya mabati hatujamalizana. Risiti za hospitali nipigie picha.

Dada yako,
Mkasi