Gombe si utalii peke yake

Ndugu Mhariri,

Gombe, hifadhi ya sokwe mkoani Kigoma, inapotajwa magazetini, karibu kila mara habari huwa ni ya watalii au ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefika huko mwaka 1960. Naomba nafasi nimtaje mwanasayansi mwingine, Beatrice Hahn, mzaliwa wa Ujerumani anayefanya kazi Marekani, ambaye utafiti wake kuhusu asili ya UKIMWI unadaiwa mengi na msitu huu mdogo wa Kigoma.

Mwaka 1999 yeye na wenzake walionyesha kwamba VVU vilivyoenea duniani vilitokana na SIV, virusi vya jamii ya VVU vinavyoambukiza nyani na sokwe, hasa vile vya sokwe wa Afrika ya Kati. (Baadaye chimbuko lilifuatiliwa hadi kusini-mashariki mwa Kamerun, kwa hiyo mtu asidhani UKIMWI ulianzia Gombe.) Likabaki swali kama virusi hivyo humdhuru sokwe mwenyewe. Wengi waliamini havimdhuru, kwa kuwa sokwe wa maabara walioambukizwa VVU waliugua wachache mno. Kwa sababu sokwe wa porini hatolewi damu ovyo, kikundi cha Hahn kilitafuta virusi na kingamwili katika kinyesi na mkojo uliookotwa msituni, pasipo kumgusa mnyama.

Jibu lilitoka Gombe mwaka 2009, baada ya sokwe 94 kufuatiliwa kwa zaidi ya miaka 9. Wale 17 walioambukizwa walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri wao. Majike wenye virusi walizaa kwa nadra na watoto wao walikufa zaidi. Na jike mmoja, alipochunguzwa baada ya kufa, alikutwa na hali inayofanana na hatua ya mwisho ya UKIMWI.

Vipimo vya maabara pekee visingetoa jibu hilo bila watu wanaomtambua kila sokwe kwa jina na kujua mama yake ni nani. Tangu wanafunzi wanne wa kigeni walipotekwa nyara huko mwaka 1975, kazi hiyo ya kila siku imebebwa zaidi na Watanzania, wanaowafuata sokwe tangu wanapotoka viotani alfajiri hadi wanapolala. Naumia kuona wasomaji wetu hawawajui. Nawaomba mtume mwandishi Kigoma awahoji wakongwe wa kazi hiyo wangali hai, nanyi myachapishe majina yao.

Msomaji wenu,
Kigoma