Watu wa visiwani tumezidi kushukuru

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Nipo likizo hapa Kirumba, Mwanza, mwezi ujao narudi kazini, na kuna jambo kila nikilisema hapa nyumbani naambiwa "wewe unakaa Ulaya ya huku hayakuhusu", sasa bora niliandike maana kwenye gazeti hamna wa kunikatiza.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja kisiwa cha Gozo nchini Malta. Ndio, kuna nchi inaitwa Malta, sio ile soda ya shayiri. Nchi nzima na bendera yake na kiti chake Umoja wa Ulaya ina kilometa za mraba 316 tu, wakati kisiwa cha Ukerewe peke yake ni kama 530, yani unaichukua nchi nzima unaiweka Ukerewe na bado unabaki na eneo la kulima mihogo. Mto wa kudumu hawana, ziwa hawana, maji ya bomba sehemu kubwa ni ya bahari yanatolewa chumvi kwa mitambo, na nikifungua bomba jikoni yanatoka. Hapa Kirumba ziwa naliona nikisimama mlangoni ila shangazi kajaza madumu uani anasubiri mgao.

Huko sio peponi lakini, tusidanganyane. Kibali cha kazi kimefungwa kwa mwajiri, ukigombana nae umeisha, kodi ya chumba inakula nusu ya mshahara na kwenye basi utakaa siti ya watu wawili peke yako mpaka mwisho wa safari. Tuyaache hayo.

Ninachotaka kusema ni kivuko. Gozo na kisiwa kikubwa cha Malta vimetengana na mkondo wa bahari, unavuka kama dakika 25, na kivuko kinatembea mchana na usiku, hata saa nane za usiku ukiwa na mgonjwa unavuka. Ukienda Gozo hulipi kitu, unalipa wakati wa kutoka tu, mgeni yuro nne na ushee, mkazi wa Gozo yuro moja na senti kidogo. Abiria wanahesabiwa, idadi ikitimia lango linafungwa na aliyebaki anasubiri kinachofuata, hakuna cha "kondakta niingize mimi ni wa hapa hapa". Na pamoja na hayo yote wale watu WANALALAMIKA! Kila siku. Kivuko kimechelewa robo saa ni maneno redioni mpaka jioni. Serikali ikakodi meli kuukuu toka Ugiriki kuongeza nguvu, wakaisema miaka. Mwanzoni niliwaona wamedeka, nikawa nacheka kimoyomoyo, nawaza hawa wangepelekwa gati la Bugolora kule Ukerewe siku moja tu wakae kwenye foleni ya kwenda kisiwa jirani cha Ukara.

Sisi tulizika watu zaidi ya 220 Septemba 2018, MV Nyerere, chombo cha watu 101, kimepinduka kinakaribia gati la Ukara watu wa nchi kavu wanaangalia. Na kilipoletwa kivuko kingine tulicheza ngoma tukashukuru. Kushukuru sio vibaya, wazazi walitulea hivyo, ila tunashukuru kama vile mtu katoa mfukoni mwake.

Nimekaa nao nimeona kwanini wao wanalalamika na wanasikilizwa. Sio kwamba wanasiasa wao wana roho nzuri, hapana. Mwandishi wa habari Daphne Caruana Galizia alilipuliwa kwa bomu ndani ya gari 2017, na wananchi walivyojaa barabarani mwishoni mwa 2019 waziri mkuu mwenyewe akaachia ngazi Januari 2020. Kabla ya uchaguzi wa 2022 serikali ilituma hundi majumbani kwa watu, nikasema eeh, kumbe takrima ipo hata kwa wazungu. Na wana handaki la kupita chini ya bahari mpaka Gozo linaahidiwa kila kampeni halichimbwi, hapo tumewapita maana daraja letu la Kigongo-Busisi lenye kilometa 3 limefunguliwa Juni 2025 na nimepita juu yake juzi naenda Sengerema, sio siri nilijisikia raha.

Tofauti iko kwenye kura. Gozo ni jimbo lenye viti vitano, vyama viwili vikubwa vinagawana na kila kimoja kinaogopa kupoteza hata kimoja, ndio maana kuna wizara nzima ya Gozo na waziri wake. Anayeogopa kukosa kura anakarabati kivuko. Na hilo sio la wazungu tu, mwaka 2010 majimbo yetu ya Nyamagana, Ilemela na Ukerewe yote yalikwenda upinzani, mnakumbuka wagombea walivyokua wanafika mwaloni alfajiri kabla hata dagaa hazijashushwa wanaomba kura kwa wachuuzi?

Sasa linganisheni na uchaguzi wetu wa Oktoba 2025. Chama kikuu cha upinzani hakikuwepo kwenye karatasi, mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, matokeo yakatangazwa rais kapata asilimia 97.66. Mimi niko Gozo namtumia mama mdogo ujumbe toka tarehe 29, tiki moja tu ya kijivu, siku zinapita tiki ni ile ile, intaneti imezimwa, nasikia habari za risasi kwa watu wa mataifa mengine kabla ya kuzisikia kwa ndugu zangu. Mtu aliyepata asilimia 97 kivuko cha Ukara atakiogopea nini?

Halafu hili la sisi tulio nje. Pesa zetu zinapokelewa vizuri sana, kila kiongozi akija Ulaya anatuita "diaspora wetu" tunapiga picha, ila kura hatupigi. Nilijua na Wamalta hawapigii kura nje ya nchi, kweli hawapigii, lakini uchaguzi ukifika serikali inawapunguzia nauli ya ndege warudi wapige, wanatoka London na Brussels wanajaa uwanja wa ndege na mabegi madogo. Mimi sijaomba tiketi ya ndege. Hata ubalozini nikiwekewa boksi nitapanda basi na meli kwa hela yangu.

Bamdogo wangu anasema nikae kimya nisije nikapata matatizo uwanja wa ndege. Namuheshimu ila kwenye hili hatukubaliani.

Mwisho Mhariri nina ombi. Mtumeni mwandishi akasimame Bugolora siku ya gulio, asiwe na mwenyeji wala kofia ya gazeti, ahesabu abiria wanaoingia kwenye kivuko asubuhi hadi jioni, kisha mchape idadi ile pembeni ya idadi iliyoandikwa kwenye chombo. Nauli yake nitachangia.

Mkerewe wa ng'ambo,
kwa sasa Kirumba, Mwanza.