YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIFUNGUA KINYWA "CHA KUTWA" KINACHOPIKWA ASUBUHI TU

Kwa Meneja,
Kampuni ya huduma za chakula,
Mgahawa wa chuo.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na nimekuwa mteja wenu tangu muhula wangu wa kwanza. Jumanne iliyopita nilitoka maabara saa nane na nusu mchana. Tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu tumboni zaidi ya maji. Nikaja mgahawani moja kwa moja kwa sababu ya lile bango lenu kubwa mlangoni linalosema KIFUNGUA KINYWA KUTWA NZIMA, lenye picha ya mayai yanayofuka moshi, soseji mbili, maharage, nyanya ya kuchoma na mkate wenye siagi inayotiririka.

Nililipa, nikapewa risiti, na sahani ikaja kabla sijamaliza kurudisha pochi mfukoni. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Yai halikaangwi kwa sekunde kumi.

Mayai ya kuvuruga niliyopewa yalikuwa na rangi ya kijani pembezoni. Mimi nasoma kemia, kwa hiyo rangi hiyo haikunitisha. Yai likikaa kwenye joto kwa muda mrefu, salfa inayotoka kwenye ute hukutana na chuma kilichomo kwenye kiini, ikazaliwa salfaidi ya chuma, nayo ndiyo yenye ukijani huo. Haina sumu. Ila ni shahidi, na ushahidi wake ni kwamba mayai yale hayakupikwa mchana ule.

Nikauliza kaunta, kwa upole, yamepikwa saa ngapi. Kijana aliyekuwa zamu akanijibu bila kuficha: "Jiko la mayai tunalizima saa nne, kaka. Haya ni ya asubuhi, tunayaweka kwenye sinia la moto." Naomba jibu lake lisimletee matatizo kazini. Alikuwa peke yake, akipokea fedha, akipakua na kufuta meza, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Amesema kweli, na ukweli huo ndio ulionifanya niandike kwenu badala ya kugombana naye.

Sasa hilo "sinia la moto". Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kiwekwe kikiwa cha moto, zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, hadi kinapoliwa, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaliana kwa kasi. Sikuwa na kipimajoto mfukoni. Nilikuwa na siagi. Nilichukua kipande mlichonipa na mkate nikakilaza juu ya yai, nikangoja. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 30 na ushei tu, lakini ile yangu ilikaa pale na kona zake zote nne kama tofali. Mnaweza kupiga hesabu wenyewe. Picha mbili nimeambatisha, moja ya mwanzo na nyingine ya dakika tano baadaye, na kwa hakika hamtaona tofauti.

Yule kijana, kwa nia njema, akachukua sahani akaitia kwenye maikrowevu. Ikarudi inachoma vidole. Mayai yalikuwa yametoa maji na kukakamaa kama mpira, na mkate uliokuwa umelainika kwa mvuke sasa ulitaka meno ya ziada. Maharage tu ndiyo yaliyonusurika. Nakiri, maharage yenu ni mazuri. Huliwa hata yakishinda jikoni, na pengine ladha huongezeka. Soseji niliimega nusu, nikaiona baridi katikati, nikaiacha.

Si kwamba nataka makubwa. Ninaloshindwa kumeza ni lile neno "kutwa". Kwa lugha ninayoijua mimi, mgahawa unaosema unauza kifungua kinywa kutwa nzima umesema utapika kutwa nzima. Chakula kilichopikwa asubuhi kikauzwa alasiri tunakiita kiporo. Kiporo hakina aibu, wengi wetu tumekulia humo, lakini hakiuzwi kwa bei ya chakula kipya, tena chini ya picha inayofuka moshi.

Halafu fikirini ni nani hasa anayekula kifungua kinywa saa tisa alasiri chuoni. Anayelala hadi mchana yupo, sikatai. Lakini kwenye foleni ile nyuma yangu alikuwapo mlinzi aliyetoka zamu ya usiku na kuamka muda huo, na wanafunzi wanne wenye makoti ya maabara kama langu. Asubuhi yetu huanza wakati wengine wanawaza chakula cha jioni. Bango lenu lilitulenga sisi, na sisi ndio tunaopewa mabaki.

Muhula uliopita niliandika haya kwa kifupi na kutumbukiza kwenye sanduku la maoni lililo karibu na mlango. Wiki iliyopita nilichungulia kwenye tundu lake na kuona karatasi zimejaa hadi juu. Ndiyo maana safari hii barua nimeileta ofisini na kudai isainiwe.

Naomba nirudishiwe fedha za sahani ile. Kubwa zaidi, naomba jiko moja libaki linawaka baada ya saa nne. Mayai mawili kwenye kikaango hayafiki dakika tano, na sisi tuko tayari kuzingoja. Hata kumi tutangoja. Kama hesabu zenu haziruhusu kumweka mpishi alasiri, basi bandikeni saa ya kupikwa kwenye kila sinia, na bango liandikwe "kifungua kinywa hadi saa nne". Nitasikitika, lakini nitajua nibebe mkate wangu kutoka chumbani.

Risiti nayo nimeiambatisha. Jumanne ijayo nina maabara tena, nitatoka saa nane na nusu na kupita kaunta. Nitaagiza mayai.

Wako,
Mteja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Idara ya Kemia