Mpwa wangu, hiyo kromosomu X usiitupe

Mpwa wangu,

Nasikia unalinganisha vinasaba vya wanawake na wanaume kwenye data za Kyamulibwa, kule Uganda, na mwenzako kakushauri uiondoe X mapema kwa kuwa inasumbua. Usimsikilize.

Inasumbua kweli, lakini ndiyo yenye jeni ya G6PD, inayotengeneza kimeng'enya cha kulinda chembe nyekundu za damu. Mabadiliko yake yameenea palipo na malaria, kwa hiyo nchi kama yetu haiwezi kuiruka. Mwanamume ana X moja tu. Akirithi badiliko la G6PD liitwalo A-, hana nakala nzima ya kumkinga. Chembe zake nyekundu hufa mapema kabla hazijashika sukari ya kutosha, na HbA1c, kipimo cha sukari iliyoshika chembe hizo, husoma chini. Utafiti wa 2017 ulikuta inashuka kwa takriban asilimia 0.8 ya kipimo chenyewe. Yaani mgonjwa wa 6.9 anasomeka 6.1 na kuambiwa hana kisukari! Mwanamke mwenye nakala moja ya badiliko ana chembe za aina zote mbili, maana kila seli huzima X yake moja.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye PLINK, programu ya kuchambua vinasaba, tenga kwanza ncha mbili za X zinazofanana na Y, la sivyo wanaume wataonekana wana nakala mbili tofauti. Kisha kagua jinsia kwa F, kipimo cha jinsi nakala za X zinavyofanana: ikizidi 0.8 ni mwanamume, chini ya 0.2 ni mwanamke. Ikigongana na fomu, usikimbilie kurekebisha fomu. Huenda vichupa vya sampuli za damu vilibadilishana, na hapo DNA na sukari ni za watu wawili. (Wachache ni XXY kweli, yaani wanaume wenye X mbili.) Hardy-Weinberg, yaani kama mchanganyiko wa nakala uko kama unavyotarajiwa, pima kwa wanawake tu. Unapohesabu nakala za badiliko, wanaume wape 0 au 2, kana kwamba X yao moja ni mbili. Kwa jeni zinazokwepa kuzimwa, jaribu pia 0 au 1.

Linalotuchosha zaidi ni hili: badiliko limevuka kizingiti cha p cha 5×10⁻⁸ kwa wanawake, kwa wanaume halikuvuka, basi mtu anaandika kwamba ni la wanawake. Chukua athari ya 0.12 kwa wanawake, kosa sanifu 0.02, wanaume 0.08, kosa sanifu 0.03. Tofauti ni 0.04. Jumlisha miraba ya makosa hayo, tafuta kipeuo cha pili: 0.036. Ukigawanya tofauti kwa hiyo unapata 1.1, haifiki hata 2, hakuna tofauti ya kutangaza. Wanaume walikuwa wachache tu. Tena watu wa Kyamulibwa wengi ni ndugu, makundi yako mawili hayajitegemei. Kwa hiyo weka wote kwenye modeli moja yenye undugu wao, na jinsia uizidishe na badiliko humo humo.

Mjomba wako