Dola 590 kabla ya mvua: mchango wa ateliye ya pinde, Katuba

Bapapa na bamama, wanafunzi wa zamani, waumini wa parokia na rafiki wote wa shule yetu ya ufundi hapa Katuba, Lubumbashi: jambo kwenu.

Ateliye ya useremala inataka kutengeneza pinde ndefu 20 za tabaka, yaani za mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja, kwa ajili ya vijana wa miaka 13 hadi 17 wanaojifunza kulenga shabaha kiwanjani mwetu. Mianzi imekwisha kupasuliwa. Mbao za mubanga, mti mgumu wa kwetu, zimepangwa chini ya paa tangu mwanzo wa kiangazi. Kinachokosekana ni vile visivyoota porini: gundi, joto, uzi, na mashine ya kulinganisha unene. Gharama yote ni dola 900, zimepatikana 310. Tunawaomba 590 zilizobaki, na tunaziomba kabla mvua ya Novemba haijashika. Haraka hiyo inatoka kwenye mbao zenyewe.

Wengi wanauliza kwa nini tusikate fimbo moja nzuri, tukaichonga, kazi ikaisha bila dola hata moja. Fimbo moja hutoa upinde, hatubishi. Wawindaji wa Katanga wamefanya hivyo siku zote. Lakini upinde ukivutwa, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, unavutwa urefuke, na tumbo lake, upande unaomtazama mpigaji, linabanwa. Mti unaovumilia mambo yote mawili kwa pamoja ni wa nadra. Waingereza walibahatika kupata mti wa yew: sehemu nyeupe ya nje huvumilia kuvutwa, moyo wake huvumilia kubanwa. Meli yao ya Mary Rose, iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982, ilikutwa na pinde zaidi ya 130 za mti huo. Kwetu yew haiko, kwa hiyo tabaka tunaziunganisha wenyewe: mwanzi mgongoni, mubanga tumboni, na ubao wa mkaratusi katikati. Mukula, ule mti wa mbao nyekundu, hatuugusi, hata tukiletewa bure. Uliwekwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2019, na kila mtu hapa anajua misitu yetu ilivyokatwa kwa ajili yake.

Na upinde si mgeni katika nchi hii. Kwa Waluba, kishikio cha mbao chenye matawi matatu, cha kuwekea upinde na mishale, kilikuwa alama ya ufalme, kikimkumbusha Mbidi Kiluwe, mwindaji ambaye masimulizi ya Waluba yanamtaja kuwa chimbuko la ufalme wao, na hakikutolewa hadharani. Sisi hatuchongi alama za ufalme, wala hatutengenezi silaha za kuwinda. Pinde hizi zitavutwa kwa kilo 9 hadi 11 tu, umbali wa kulenga ni mita 18, nyuma ya shabaha kuna ukuta wa udongo, na mishale inalala kabatini chini ya ufunguo.

Sasa kazi yenyewe, ili anayetoa ajue anatoa kwa ajili ya nini.

Upinde mmoja una urefu wa sentimita 172. Mwanzi wa mgongoni unapunguzwa kwa upande wa ndani hadi milimita 3, ngozi yake ya nje ikiachwa nzima. Hapo wanafunzi hukosea: wanaona vifundo vimeinuka, wanavipiga randa vilingane na sehemu nyingine. Kifundo kilichopigwa randa kimekatwa nyuzi zake, na upinde utapasuka hapo hapo. Kifundo hulainishwa kidogo kwa msasa, basi. Ubao wa kati una milimita 5 kwenye mshiko na 3 kwenye ncha. Mubanga wa tumboni huanza na milimita 10, kwa kuwa ndiko tutakakochonga baadaye.

Mashine ya kulinganisha unene, yenye msasa wa mviringo na mota ndogo, itaundwa hapa hapa mjini kwa dola 420. Ndiyo inayokula karibu nusu ya fedha zote, na tunajua baadhi yenu mtasema vijana wapige randa kwa mkono. Wanapiga, na wataendelea kupiga. Ila ugumu wa mkono wa upinde unafuata unene mara unene mara unene. Ukiondoa sehemu 1 ya 10 ya upana, umepoteza sehemu 1 ya 10 ya nguvu; ukiondoa sehemu 1 ya 10 ya unene, umepoteza zaidi ya robo. Karibu na ncha, penye unene wa milimita 12, nusu milimita peke yake inaondoa zaidi ya sehemu 1 ya 10 ya ugumu. Nusu milimita ni mkupuo mmoja wa randa iliyowekwa vibaya. Tena ubao mwembamba ukiwa na bonde dogo, gundi inajaa pale badala ya mbao kugusana, na ufa unaanzia pale.

Gundi nyeupe ya seremala, ile ya viti na milango, hatuitaki kwa kazi hii. Kiti hakivutwi mara elfu. Gundi hiyo hujivuta polepole chini ya mzigo, tabaka zikateleza juu ya nyingine, na upinde ukabaki umepinda kama fimbo ya mzee. Tunahitaji epoksi, gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa ikakauka ngumu, gramu 120 kwa kila upinde. Kwa pinde 20 ni kilo 2.4, tunanunua kilo 3 kwa sababu inayobaki kwenye kikopo hukauka na kutupwa. Dola 105. Mbao hukwaruzwa kwa msasa namba 60, si laini zaidi, zikapanguswa vumbi, na kuanzia hapo hakuna kidole kitupu kinachozigusa, maana mafuta ya ngozi huzuia gundi kushika.

Zikishapakwa, tabaka zinalazwa juu ya fomu ya mbao iliyopinda sentimita 4 kuelekea upande wa mgongo, upinde uzaliwe ukiangalia mbele na kuupunguzia ile tabia ya kubaki umepinda kuelekea upande wa uzi. Kubana, hatuhitaji jiriwa 30 za chuma. Tunatumia shambeeri za kinga, yaani mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli, zikikatwa utepe wa upana wa sentimita 2 na nusu na kuzungushwa kwa kuvutwa sawasawa kutoka mshiko hadi ncha, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Mpira unasukuma kila mahali kwa nguvu ileile. Chuma kikikazwa kupita kiasi kinaikamua epoksi yote nje, na muungano unabaki mkavu.

Halafu joto. Usiku wa kiangazi hapa kwetu ni baridi, na epoksi kwenye baridi hushika nusunusu. Sanduku la mbao lenye urefu wa mita 2, balbu 6 za waya, kipimajoto na kidhibiti chake: dola 130. Ndani yake upinde unakaa kwenye nyuzi joto 45 kwa saa 8. Umeme ukikatika katikati, sanduku halifunguliwi. Linafunikwa mablanketi na saa zinahesabiwa upya ukirudi.

Na hapo ndipo haraka yetu ilipo. Mbao za upinde zinatakiwa zikauke kiasi cha unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Hatuna mashine ya kupima. Kila wiki tunaweka ubao kwenye mizani, na uzito usipopungua wiki 2 mfululizo, uko tayari. Kiangazi cha Lubumbashi hutufanyia kazi hiyo bure. Mvua ikianza, mbao hunywa hewa ya maji tena. Tumbo lenye unyevu likibanwa halirudi: linafanya mikunjo midogo inayokatiza nyuzi, kama ngozi ya mkono wa bibi, na upinde huo umekwisha. Tukichelewa gundi, tunangoja hadi Juni.

Kuchonga tumbo hakuhitaji fedha nyingi, kunahitaji subira. Upinde unafungwa kwenye nguzo yenye alama, unavutwa kwa kapi na mizani, sentimita chache kwanza. Panapokunjika kuliko pengine, pale tunapopaita bawaba, hapaguswi. Tunakwangua pande zake. Kila baada ya kukwangua, unavutwa mara 30 kabla ya kutazama tena, maana mti huchelewa kusema ukweli. Mizani ikifika kilo 11, tunasimama hata kama urefu wa kuvuta bado, na tunarudi kukwangua. Tupa na vikwangulio: dola 60.

Kamba ni za uzi wa dacron (poliesta), nyuzi 12 zilizosokotwa, mita 25 za uzi kwa kamba moja na kamba 2 kwa kila upinde. Vibunda 3 pamoja na usafiri ni dola 95. Nailoni ya sokoni hurefuka mno. Dola 90 zilizobaki ni za glavu, miwani na barakoa za vumbi, na hizo hatutapunguza kwa lolote: epoksi mbichi ikigusa ngozi ya kijana inaweza kuidhuru, na ngozi hiyo ikaichukia maisha yake yote.

Mchango unapokelewa na mweka hazina baada ya misa ya kwanza ya Jumapili, au kwa simu kwenye namba iliyobandikwa mlangoni pa ateliye. Franga zinapokelewa sawa na dola, na kila anayetoa anaandikiwa risiti. Daftari liko wazi kwa mzazi yeyote. Dola 5 ni gundi ya upinde mmoja. Mkikosa fedha, leteni shambeeri kuukuu: upinde mmoja unakula 3. Manyoya ya bata mzinga pia tunayataka kwa mishale 120, ya bawa la kulia na la kushoto yafungwe mbalimbali, maana mshale mmoja hauchanganyi. Jumamosi ateliye inafunguliwa saa mbili asubuhi. Shambeeri zenye viraka zitafaa pia, mradi msizipake mafuta.