Risala ya Kitengo cha Matengenezo na Kamati ya Mazingira ya Kijiji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Mgodi wa Makaa ya Mawe, Wilaya ya Mbinga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Waheshimiwa Madiwani,
Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Serikali ya Kijiji,
Uongozi wa mgodi,
Wazee wetu, mama zetu, wanafunzi na wafanyakazi wenzetu,

Tumsifu Yesu Kristo! Asalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana. Umekula vumbi la malori yetu njia nzima, kwa hiyo aya ya kwanza ya risala hii umekwisha kuisoma mwenyewe.

Sisi ni mafundi na vibarua wa mitaro, mabwawa ya tope, barabara za ndani na maboza ya maji, tukishirikiana na kamati ya mazingira ya kijiji. Kazi yetu haina sifa. Wenzetu wa shimoni huulizwa wametoa tani ngapi. Sisi hukumbukwa siku mtaro ukiziba.

Mheshimiwa, cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kimetundikwa ofisini, na mpango wa usimamizi wa mazingira umo kwenye faili. Lakini yaliyoandikwa humo hutimizwa kwa koleo, kijiko (ile mashine ya kuchimbia) na boza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mgodi ukae mbali kiasi hicho, sawa. Tope lenyewe linaweza kuzitembea mita hizo 60 usiku mmoja wa mvua ya Februari.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu ya leo. Miamba inayofunika makaa, na makaa yenyewe, huwa na madini ya pairaiti. Yakiwa ardhini yametulia hayamdhuru mtu. Tukiyafukua, hewa na maji yakayafikia, hutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha chuma na metali nyingine zilizomo kwenye mwamba. Ukiona kijito kimepata rangi ya kutu, jua kifusi kinanyeshewa na maji yake hayakukingwa. Dawa inajulikana: mtaro wa juu uzuie maji safi yasiingie kwenye kifusi, mtaro wa chini uyapeleke machafu bwawani, tope lituame, pH, yaani kipimo cha tindikali, ipimwe, chokaa iwekwe inapohitajika, ndipo maji yaachiwe. Maji ya huku huelekea mto Ruhuhu na hatimaye Ziwa Nyasa. Samaki aina ya mbasa hupanda mto huo kutaga mayai wakati wa mvua, yaani wakati uleule ambao mabwawa yetu huelemewa.

Bwawa lililojaa tope halituamishi kitu; maji huingia machafu na kutoka machafu. Ni lazima lizolewe wakati wa kiangazi, kuanzia sasa. Tatizo ni kwamba oda za makaa zikiongezeka, kijiko cha mitaro huitwa shimoni kupakia malori, na kikirudi mawingu yamekwisha kutanda. Tunalisema hili mbele ya viongozi wetu wa mgodi kwa heshima zote, maana ofisini tumekwisha kulisema.

Yapo tunayojivunia. Lundo la makaa sasa linapangwa kwa tabaka na kushindiliwa, na makaa ya zamani ndiyo yanayotangulia kupakiwa. Lundo legevu hupitisha hewa, hupata joto na huweza kujiwasha lenyewe. Sehemu ikianza kufuka moshi, tunaichimbua na kuitandaza ipoe kabla ya kuishindilia upya. Karakana nayo ina chujio la oili chafu. Kuhusu turubai za malori tusijisifu bado.

Kamati ya kijiji, kwa upande wake, ilikataa kifusi kimwagwe juu ya chemchemi ya bonde la mashariki. Wapo waliotuona wakorofi. Huko Aberfan, nchini Wales, mlima wa kifusi cha makaa uliorundikwa juu ya chemchemi uliporomoka tarehe 21 Oktoba 1966 ukafunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Wanafunzi waliokaa mbele yako hapa ndio sababu ya ukorofi wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ratiba inaonyesha kuwa baada ya risala utapanda mti. Tunakuomba radhi, usiupande. Tarehe 5 Juni ni siku ya dunia nzima, lakini mvua za Ruvuma hazikuulizwa: zimekwisha kukatika, na mche utakaowekwa leo utakauka kabla picha zako hazijasafishwa. Tutakupeleka kitaluni ukaione miche ya mninga na msuku, na udongo wa juu tuliouhifadhi kando kwa ajili ya kufunika kifusi. Mikaratusi ingeota upesi na kupendeza machoni, ila tunataka msitu uliokuwepo urudi. Njoo Desemba, tupande pamoja.

Na ombi kubwa ni hilohilo la majira. Wakaguzi hutujia kiangazi, barabara inapopitika. Hukuta mitaro mikavu, maji ya bwawa yametulia, wanatia saini na kuondoka. Tunaomba ofisi yako iwashawishi waje pia Februari au Machi, mvua ikinyesha, na wachukue sampuli za maji mbele ya kamati ya kijiji, kisha majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji kwa Kiswahili. Tunaomba pia uongozi wa mgodi utamke leo, mbele yako, kwamba kijiko cha mitaro hakitahamishwa hadi mabwawa yote yazolewe. Buti za mpira tunazo. Wakaguzi waje na miavuli tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.